Siku Hamsini za Kaab bin Malik

Katika mitihani ambayo Mwenyezi Mungu (S.W.) huwajaribu kwayo waja wake, uko mmoja ambao watu hawautaji sana, nao ni mtihani wa kungoja. Mgonjwa hungoja afya, maskini hungoja riziki, na mzazi hungoja mwana aliyesafiri. Lakini kungoja kuchungu kuliko kote ni kwa yule aliyekosa, akakiri kosa lake, kisha asijue atasamehewa au hatasamehewa. Hana tena la kusema wala la kufanya. Na upande wa pili yuko yule aliyeushika msamaha mkononi mwake, na kila siku ipitayo bila ya kuutoa, humzidishia mwenziwe siku moja ya kungoja.

Katika tarehe ya Kiislamu kiko kisa kimoja kilichokusanya mambo haya yote. Mwenye kisa ndiye aliyekisimulia kwa ulimi wake, alipokuwa mzee amepofuka macho, akiongozwa njia na mwanawe Abdullah. Kimepokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim katika vitabu vyao, na Qurani Tukufu imekitaja katika Sura ya Tawba. Mwenyewe ni sahaba Kaab bin Malik, Mungu amwie radhi.

KAAB ALIKUWA NANI?

Huenda ukadhani kwamba Kaab alikuwa mtu dhaifu wa imani, au mgeni katika dini. La, hakuwa hivyo. Alikuwa Ansari wa Madina, mtu wa Banu Salima katika kabila la Khazraj. Alikuwako usiku ule wa Aqaba, kabla ya Hijra, watu wa Madina walipompa Mtume (S.A.W.) mkono wa ahadi. Alipigana siku ya Uhud akapata majeraha mengi. Tena alikuwa mmoja wa washairi watatu waliokuwa wakiutetea Uislamu kwa ndimi zao, pamoja na Hassan bin Thabit na Abdullah bin Rawaha. Basi mtu huyu ndiye aliyeteleza. Na yatupasa tulikumbuke hili tangu mwanzo, kwani sisi tuna tabia ya kumwona mtu mwema akiteleza mara moja, tukasema kwamba wema wake wote ulikuwa uwongo.

SAFARI YA TABUK

Mwaka wa 9 wa Hijra, sawa na mwaka 630 wa Miladi, zilifika Madina habari kwamba Warumi wanakusanya majeshi katika nchi ya Sham. Mwaka mmoja nyuma vilikuwa vimepiganwa vita vya Muta, na Waislamu wakafiwa na majemadari wao watatu mmoja baada ya mmoja: Zaid bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib, na huyo Abdullah bin Rawaha, mshairi mwenziwe Kaab. Bwana Mtume (S.A.W.) akaamrisha watu wajitayarishe. Desturi yake katika vita vingine ilikuwa ni kuficha mahali aendapo, lakini safari hii aliwatajia wazi, kwa kuwa mwendo ulikuwa mrefu, jangwa kali na adui mwingi. Sayyidna Uthman (R.A.) alitoa mali nyingi kulipa jeshi hilo zana na vipando, na ndilo jeshi liitwalo Jeshi la Dhiki.

Ilikuwa ni wakati wa joto kali, na matunda yameiva mitini, na kivuli kimekuwa kitamu. Kaab asema kwamba hakupata hata siku moja kuwa na nguvu na wasaa kama aliokuwa nao wakati ule. Hakupata kabla yake kumiliki ngamia wawili wa kupanda kwa pamoja. Kila asubuhi hutoka kwenda kujitayarisha, kisha hurudi nyumbani hajafanya kitu, akijiambia kwamba aweza kufanya wakati wowote apendao. Akawa hivyo leo na kesho, hata jeshi likaondoka. Akasema atawafuata siku moja au mbili nyuma yao. Asiwafuate, mpaka wakawa mbali.

Tazama, ndugu yangu, jinsi kosa lenyewe lilivyokuwa. Kaab hakukataa amri wala hakuichukia. Ilikuwa ni kesho, na baada ya kesho, na nafasi bado ipo. Wangapi katika sisi tumekosa kwa mlango huu huu? Baba afa na sisi twasema tutakwenda kumtazama Ijumaa ijayo. Deni hufika mwaka na sisi twasema tutalipa mwezi ujao.

Kaab alipotoka mjini aliona huzuni, kwani hakumwona mtu wa kumfanya mfano ila mwenye kutuhumiwa unafiki, au mnyonge ambaye Mwenyezi Mungu amempa udhuru. Na huko Tabuk Mtume (S.A.W.) aliuliza Kaab yuko wapi. Mtu mmoja wa Banu Salima akasema kwamba nguo zake nzuri na kujitazama mwenyewe ndiko kulikomzuia. Muadh bin Jabal (R.A.) akamkatiza, akamwambia kwamba amesema maneno mabaya, na akaapa kwamba wao hawamjui Kaab ila kwa wema. Mtume (S.A.W.) akanyamaza. Kaab hakuwapo kujitetea. Aliyemtetea ni ndugu yake Mwislamu, nyuma ya mgongo wake, na huo ndio wakati ambao utetezi una thamani.

ALIYESEMA KWELI AKANGOJESHWA

Mtume (S.A.W.) aliporudi Madina alianza kwa msikiti, kama ilivyokuwa ada yake, akasali rakaa mbili kisha akawakalia watu. Wakamjia wale waliobaki nyuma, na idadi yao yapata themanini na zaidi, kila mmoja na udhuru wake na kiapo chake. Mtume (S.A.W.) akawapokea kwa dhahiri yao, akawaombea maghufira, na ya mioyoni mwao akamwachia Mwenyezi Mungu.

Akafika Kaab. Mtume (S.A.W.) akatabasamu tabasamu la mtu aliyekasirika, akamwuliza ni nini kilichombakisha, na je, hakuwa amekwisha nunua kipando? Kaab akajibu kwamba lau angekuwa amekaa mbele ya mtu mwingine yeyote katika watu wa dunia, angejua namna ya kujiokoa na hasira zake, kwani amepewa ufasaha wa kusema. Lakini anajua kwamba akimridhisha leo kwa uwongo, haichelewi Mwenyezi Mungu atamkasirisha Mtume juu yake. Na akisema kweli, ijapokuwa itamuudhi, ataraji mwisho mwema kwa Mwenyezi Mungu. Kisha akakiri kwamba hakuwa na udhuru wowote.

Mtume (S.A.W.) akasema kwamba ama huyu amesema kweli, na akamwambia ainuke mpaka Mwenyezi Mungu atakapohukumu jambo lake.

Jamaa zake wakamfuata wakimlaumu: kwa nini hakutoa udhuru kama wenziwe, naye angetosheka na kuombewa maghufira na Mtume? Wakamshikilia hata akakaribia kurudi ajikanushe. Ndipo alipouliza kama yuko mwingine aliyepatwa na jambo kama lake. Wakamtajia wawili: Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya. Akawajua kuwa ni watu wema wenye kufuatwa, naye akathibiti juu ya neno lake.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo pagumu. Wale themanini waliosema uwongo walikwenda nyumbani kwao siku ile ile wakalala. Watatu waliosema kweli ndio walioadhibiwa. Mtu atazamaye kwa jicho la dunia atasema kwamba kweli haina faida. Lakini zilipokuja aya za Mwenyezi Mungu juu ya wale walioapa, zilikuja na maneno makali mno, zikawaita najisi na kuwaahidi Jahannamu. Na zilipokuja juu ya hawa watatu, zilikuja na rehema. Kumbe wale walioachiliwa upesi hawakuwa wamesamehewa. Na wale waliongojeshwa walikuwa wamekwisha shikwa mkono, ila wao hawajui. Wahenga wetu walisema njia ya mwongo ni fupi, na ufupi wake ndio huo.

ARDHI ILIPOKUWA NYEMBAMBA

Mtume (S.A.W.) akawakataza watu wasiseme na hawa watatu. Asema Kaab kwamba watu walibadilika, hata ardhi yenyewe akaiona si ile aliyokuwa akiijua. Murara na Hilal walijifungia majumbani mwao wakilia. Kaab alikuwa kijana zaidi na mwenye nguvu zaidi, akawa akitoka, akihudhuria sala za jamaa na kuzunguka sokoni, wala hapana mtu amsemeshaye. Humwendea Mtume (S.A.W.) baada ya sala akamtolea salamu, kisha hujiuliza moyoni: je, ametikisa midomo yake kunirudishia, au hakutikisa? Akasali karibu naye akimwibia macho. Akiielekea sala yake, Mtume (S.A.W.) humtazama, na yeye akigeuka kumtazama, Mtume hugeuza uso.

Fikiri jambo hili. Kaab hakuacha msikiti. Watu wangapi leo, wakikosana na imamu au na wazee wa mtaa, huuhama msikiti wenyewe? Yeye alibaki pale pale panapomuuma, kwani alijua kwamba dawa yake iko hapo. Na ule uso uliogeuzwa, nao ulikuwa ukimtazama alipokuwa hatazami.

Siku zilipomwia ndefu, alipanda ukuta wa shamba la Abu Qatada, binamu yake na mtu aliyempenda kuliko watu wote. Akamtolea salamu, hakujibiwa. Akamwapisha kwa Mungu: je, wajua kwamba mimi nampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake? Kimya. Akamwapisha mara ya pili, kimya. Mara ya tatu Abu Qatada akasema tu kwamba Mwenyezi Mungu na Mtume wake ndio wajuao zaidi. Macho ya Kaab yakabubujika machozi, akageuka akapanda ukuta kurudi alikotoka.

Na katika mapokezi mengine ya kisa hiki ameeleza lililokuwa likimkosesha raha zaidi: aliogopa asije akafa katika hali ile, Mtume (S.A.W.) asimsalie, au Mtume afariki yeye akiwa katika hali ile, asisemeshwe na mtu yeyote wala asisaliwe. Hiyo ndiyo hofu ya kila angojaye msamaha: kwamba mauti yatawahi kabla yake.

BARUA YA MFALME WA GHASSAN

Siku moja Kaab yumo sokoni, akamwona mkulima wa Kinabati kutoka Sham aliyeleta chakula kuuza, akiuliza ni nani atakayemwonyesha Kaab bin Malik. Watu wakamwashiria kwa mikono. Akamkabidhi barua ya mfalme wa Ghassan. Hao Ghassan walikuwa Waarabu wa Sham waliofungamana na Warumi, yaani upande ule ule ambao jeshi la Tabuk lilitoka kuukabili. Barua ilisema kwamba amesikia sahibu yake amemfanyia ukavu, na kwamba Mungu hakumwekea kukaa katika nyumba ya unyonge na kupotezwa haki. Basi na aje kwao, watamliwaza.

Ona jinsi Shetani ajuavyo wakati wa kubisha hodi. Hakuja siku Kaab aliposhiba mapenzi ya watu. Alikuja siku ambayo hata binamu yake hakumwitikia salamu. Na maneno ya barua yalikuwa matamu: heshima, faraja, kuthaminiwa. Kaab akasema kwamba na hili pia ni katika mtihani, akaiendea tanuri akaitia barua ile motoni. Hakuificha sandukuni ili aifikirie usiku.

Hapa ndipo tunapojifunza kutawakali ni nini. Kutawakali si kukaa tu na kusema Mungu yupo. Ni mtu kuona mlango mwingine umefunguliwa, mlango wa haraka na wa raha, akaufunga kwa mkono wake mwenyewe, akarudi kuketi mbele ya ule uliofungwa, kwa kuwa yakini yake ni kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ataufungua.

Zilipotimia siku arubaini, alikuja mjumbe na amri kwamba watatu hao wajitenge na wake zao. Kaab akauliza: nimtaliki? Akaambiwa la, usimkaribie tu. Akamwambia mkewe aende kwao akae mpaka Mungu ahukumu. Mkewe Hilal alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akasema kwamba mumewe ni mzee asiyejiweza wala hana mtumishi, je, haifai amhudumie? Akaruhusiwa, kwa sharti asimkaribie. Akasema kwamba mumewe hana haja ya kitu chochote, na kwamba tangu jambo lile hajaacha kulia.

BISHARA

Alfajiri ya siku ya hamsini, Kaab amekwisha sali juu ya dari ya nyumba yake, ameketi na dhiki yake, akasikia sauti ya mtu aliyepanda mlima wa Sala, akipaza kwa nguvu zake zote kwamba Kaab bin Malik na abashirie. Akaanguka kusujudu papo hapo.

Toba yao ilikuwa imeteremshwa usiku, katika thuluthi ya mwisho, Mtume (S.A.W.) akiwa nyumbani kwa Mama Umm Salama (R.A.), naye alikuwa mwenye kulijali sana jambo la Kaab. Akataka apelekewe habari saa ile ile, lakini Mtume (S.A.W.) akasema kwamba watu watawasongea na kuwanyima usingizi wa usiku uliobaki. Akangoja mpaka sala ya Alfajiri, akawatangazia watu. Mmoja akapanda farasi ambashirie Kaab, mwingine akapanda mlima akapaza sauti, na sauti ikamshinda farasi mbio. Watu wale waliokaa siku hamsini bila ya kumsemesha sasa walishindana ni nani atangulie kumfurahisha. Kumbe kunyamaza kwao hakukuwa chuki. Kulikuwa ni utiifu, na mapenzi yalikuwa chini yake yakingoja ruhusa.

Kaab akavua nguo zake mbili akampa aliyembashiria, na siku ile hakuwa na nguo nyingine. Akaazima mbili akaenda msikitini. Talha bin Ubaydillah (R.A.) akainuka akamkimbilia, akampa mkono na kumpongeza, na Kaab hakulisahau jambo hilo la Talha. Uso wa Mtume (S.A.W.) uling'ara kwa furaha kama kipande cha mwezi, akambashiria siku iliyo bora kuliko zote zilizompitia tangu mama yake alipomzaa. Kaab akataka kuitoa mali yake yote sadaka. Akaambiwa abakishe baadhi yake, ni bora kwake. Na akaahidi kutosema ila kweli maisha yake yote yaliyobaki.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, huenda mtu akakichukua kisa hiki akakifanya hoja ya kununa: kwamba na yeye amhame nduguye kwa miezi, kwani masahaba walimhama Kaab. Hiyo ni hoja mbovu. Kuhamwa kwa watatu hawa kulikuwa kwa amri ya Mtume (S.A.W.), kwa ajili ya dini, kwa siku hamsini, na mwisho wake ukashuka kutoka mbinguni. Ama ugomvi wetu wa kidunia, Mtume (S.A.W.) ametufundisha katika Hadithi iliyo sahihi kwamba si halali Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageuka huku na yule kule, na kwamba mbora wao ni yule aanzaye salamu.

Na sisi twagombana juu ya nini? Minazi kumi aliyoiacha marehemu. Chumba kimoja cha nyumba ya urithi. Harusi ambayo shangazi hakuambiwa mapema. Kwa mambo haya ndugu wa tumbo moja hupitana mlangoni mwa msikiti miaka na miaka, simu hawapigiani, watoto wao hawajuani, na siku ya Idi kila mmoja hupita njia yake. Kisha mmoja hufa. Yule aliyebaki huja mbio kushika jeneza, hulia kuliko watu wote, na husema mbele ya kaburi maneno ya msamaha ambayo aliyelala humo hayasikii kwa namna ya kumjibu. Ile hofu ya Kaab, kwamba mauti yatawahi, humfika ndugu yetu huyo kweli.

Imam Muslim amepokea Hadithi kwamba milango ya Pepo hufunguliwa siku ya Jumatatu na Alhamisi, na kila mja asiyemshirikisha Mungu na chochote husamehewa, isipokuwa mtu ambaye baina yake na nduguye pana uhasama; hao wawili hucheleweshwa mpaka wapatane. Lizingatie hili. Wewe umngojeshaye mwenzio, nawe wangojeshwa. Umedhani umeufunga mlango wa nduguye, na kumbe ni wako.

Basi ikiwa wewe ndiwe uliyekosa, shika njia ya Kaab. Sema kweli, usijipambie udhuru. Usihame msikiti wala usihame jamaa. Barua za Ghassan zitakapokujia, na zitakuja, zitie motoni. Na urefu wa kungoja usikufanye udhani kwamba Mwenyezi Mungu amekusahau, kwani aya ya watatu hao yasema kwamba ardhi iliwabana juu ya upana wake, na nafsi zao zikawabana, wakayakinisha kwamba hapana pa kumkimbilia Mungu ila kwake Yeye. Yakini hiyo ilipowaingia ndipo faraja ilipokuja.

Na ikiwa wewe ndiwe uliyekosewa, shika njia ya Talha. Usingoje nduguyo atambae mpaka miguuni pako. Inuka umwendee, umpe mkono mbele ya watu, na ukishampa usimkumbushe tena. Zimebaki siku chache mpaka Ijumaa ijayo. Nyumba ya nduguyo waijua ilipo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie subira nyoyo za wangojao, azilainishe nyoyo za wangojwao, na asitufishe sisi hali tumebeba kinyongo cha Mwislamu yeyote. Amin.